Inachapa lakini haiskani: kutafuta ugonjwa wa printa ya tatu-kwa-moja kwenye Linux

Mtu akinipigia simu kusema printa yake haipatani na Linux, na mashine ni ya tatu-kwa-moja (inachapa, inaskani na kutoa kopi), swali langu la kwanza halihusu Linux: ukiweka karatasi juu ya kioo ukabonyeza kitufe cha kopi, kopi inatoka? Naisikia mashine ikikoroma kwa mbali, halafu anarudi: "Inatoka, ila ina mistari." Basi Linux haimo. Kopi haipiti kwenye kompyuta kabisa. Inasomwa kwenye kioo, inapita kwenye akili ya mashine yenyewe, inaishia kwenye karatasi. Mashine isiyoweza kutoa kopi safi haiponywi na draiva yoyote.

Ikitoa kopi safi, ndipo kazi inaanza. Na hapo kuna jambo ambalo muuzaji hakwambii, pengine kwa sababu na yeye halijui: printa ya tatu-kwa-moja ni nyumba moja yenye wapangaji wawili wasiosalimiana. Mchapaji anafika kwenye Linux kupitia CUPS, ule mfumo unaosimamia foleni za kuchapa. Skana inapita mlango mwingine kabisa, unaoitwa SANE. Wanachoshirikiana ni plastiki, swichi na waya. Mmoja anaweza kuwa mzima huku mwenzake hajulikani hata jina. Ndiyo maana neno "inakubali Linux" kwenye tangazo la duka ni nusu ya habari. Inakubali nini? Kuchapa au kuskani? Kwa waya wa USB au kwa Wi-Fi?

Nitapita dalili moja moja, na kila dalili nitasema inakufundisha nini siku ukienda kununua mashine nyingine. Amri nilizoandika ni za Debian, Ubuntu na Linux Mint. Ukitumia Fedora, majina ya vifurushi hutofautiana kidogo, lakini mantiki haibadiliki.

Kopi yenyewe ni mbovu

Kwa mashine za wino wa matangi, chanzo cha kwanza ni kukaa bila kazi. Wiki tatu za likizo ya shule zinatosha kukausha matundu madogo ya kichwa cha wino. Chapa ukurasa wa majaribio ya matundu kutoka kwenye vitufe vya mashine, safisha kichwa mara moja au mbili, halafu iache ilale hadi kesho. Usisafishe mara nane mfululizo. Kila usafishaji unamwaga wino kwenye sponji iliyo tumboni mwa mashine, na mashine inahesabu. Hesabu ikifika kikomo, inagoma kabisa, taa zinawaka kwa zamu, na wengi hudhani imeungua. Siku hizi baadhi ya mashine zina kisanduku cha wino mchafu unachokibadilisha mwenyewe. Ukikuta mbili zinazolingana bei, chukua yenye kisanduku hicho.

Kwa mashine za tona: ukurasa uliofifia upande mmoja ni tona inayoisha au iliyolala upande mmoja, na doa linalojirudia kwa umbali uleule ukurasa mzima ni dramu, silinda inayobandika tona kwenye karatasi.

Kuna dalili moja nzuri sana ambayo watu huitibu vibaya. Kopi ukiiweka kwenye kioo inatoka safi, lakini ukiipitisha kwenye mlisho wa karatasi wa juu inatoka na mstari mmoja mweusi, mnyoofu, kutoka juu hadi chini. Nimeona watu wakinunua tona mpya kwa ajili ya mstari huo. Inua mfuniko, tazama kando ya kioo kikubwa: kuna kioo kingine chembamba kama rula. Karatasi za mlisho husomwa hapo. Punje moja ya gundi au wino wa kufutia juu yake inageuka mstari mrefu. Kitambaa laini chenye maji kidogo, dakika moja, kwisha.

Mwisho wa sehemu hii ni mashine inayokataa katriji. HP wana mpango wao wa HP+, unaohusu mashine ambazo jina lake linaishia na herufi ndogo "e". Ukishaukubali wakati wa kuiwasha mara ya kwanza, mashine inadai katriji za HP zenyewe na intaneti wakati wote. Kwa ofisi ambayo bando huisha katikati ya mwezi, hilo ni tatizo la kununua, wala si la kutatua. Soma herufi ya mwisho ya jina kabla ya kutoa pesa.

Inachapa, lakini haiskani

Hii ndiyo dalili kuu, na ndiyo iliyoniandikisha makala hii. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika `scanimage -L`. Kama ni kompyuta mpakato, jibu la kwanza linaweza kukudanganya: amri hiyo inaorodhesha hata kamera iliyo juu ya skrini. Ukiona mstari unaoanza na `v4l`, hiyo ni kamera yako inakutazama, si skana. Tafuta mistari inayoanza na `airscan`, `escl`, `hpaio`, `pixma`, `brother` na kadhalika.

Kama hakuna kitu, andika tena ukitanguliza `sudo`. Skana ikitokea kwa `sudo` na kupotea bila `sudo`, ugonjwa ni ruhusa. Jiingize kwenye vikundi vinavyohusika kwa `sudo usermod -aG scanner,lp jina_lako`, toka kwenye akaunti, ingia upya. Kuwasha upya programu tu hakutoshi, lazima utoke.

Kama hata kwa `sudo` haipo, njia inagawanyika kwa waya na kwa mtandao.

Kwa waya, anza na `lsusb`, amri inayoorodhesha vifaa vya USB. Mashine isipoonekana hapo, usipoteze jioni yako kwenye draiva: badilisha waya, badilisha tundu, ondoa kigawanyaji cha USB kilicho katikati. Ikionekana, uliza kama inasema IPP (lugha ya kuchapa kwa mtandao) kupitia USB. Mashine nyingi za miaka ya karibuni zinafanya hivyo, yaani juu ya waya wa USB zinajifanya kama ziko kwenye mtandao. Programu inayozihudumia inaitwa `ipp-usb`, kazi ya Alexander Pevzner, mtu yuleyule aliyeandika `sane-airscan`. Andika `sudo ipp-usb check` uone kama mashine yako imo kwenye orodha. Ikiwemo, fungua kivinjari uende `http://localhost:60000`. Kwa kawaida utaona ukurasa wa ndani wa printa yako, viwango vya wino na yote, ingawa hakuna mtandao wowote. Mara ya kwanza nilipoona hilo nilicheka peke yangu.

Tatizo linakuja pale ambapo `ipp-usb` na draiva ya zamani ya kampuni zote zinataka kuishika mashine ileile. Waya ni mmoja, na mshikaji ni mmoja kwa wakati. Dalili yake: skana inaonekana, unabonyeza kuskani, unapata kosa la kifaa kuwa na shughuli au kosa la kusoma na kuandika. Chagua upande mmoja. Mimi huanza kwa kuondoa draiva ya kampuni na kuiacha njia ya pamoja ifanye kazi. Ikishindikana, nafanya kinyume: `sudo systemctl mask ipp-usb`, nachomoa waya, nachomeka tena, nasakinisha draiva ya kampuni. Kuacha zote mbili na kutegemea bahati ndiyo kunakozaa ile printa ya "leo inaskani, kesho haiskani".

Kwa mtandao, sakinisha `sane-airscan` kama haipo, kisha andika `airscan-discover`. Programu hii inatafuta skana zinazozungumza lugha mbili, eSCL na WSD, ambazo makampuni makubwa karibu yote yamezikubali. Tangu Debian 11 ya mwaka 2021, njia hii inakuja na mfumo wenyewe, na ndiyo iliyobadilisha kabisa ushauri wangu wa kununua. Zamani nilikuwa na orodha ya modeli. Sasa nauliza swali moja: inasema eSCL?

Ikiwa `airscan-discover` haioni kitu lakini unaijua anwani ya IP ya mashine, iandike kwa mkono kwenye `/etc/sane.d/airscan.conf`, chini ya sehemu ya `[devices]`:

`"Ofisini" = http://192.168.1.50/eSCL, eSCL`

Ikikubali baada ya hapo, skana ni nzima na mtandao ndio unaoficha matangazo yake. Nenda kwenye dalili inayofuata.

Ikiwa mashine haizungumzi lugha hizo, unabaki mikononi mwa kampuni. Brother wanatoa `brscan4` na `brscan5`, na kwa skana ya mtandao lazima uisajili kwa amri yao, kwa mfano `brsaneconfig4 -a name=Ofisini model=` ikifuatiwa na modeli na `ip=`. Watu wengi husakinisha kifurushi na kusahau hatua hiyo, kisha wanasema draiva ni mbovu. Epson wana Epson Scan 2. Kuskani kwa waya hakusumbui sana, lakini kwa mtandao inahitaji kipande cha ziada kisicho huria, yaani msimbo wake umefungwa. HP wana HPLIP, ambayo ni huria isipokuwa kwa modeli zinazodai plagini iliyofungwa. Kwa Canon, `pixma` iliyomo ndani ya SANE inabeba modeli nyingi bila wewe kupakua chochote.

Kama kompyuta yako ni Raspberry Pi au bodi nyingine yenye prosesa ya ARM, tahadhari. Draiva nyingi za kampuni zimekwisha kujengwa kwa ajili ya Intel na AMD tu. Zitasakinishwa au kukataa, lakini hazitafanya kazi. Kwa Pi, mashine isiyohitaji draiva ndiyo chaguo pekee ninalolipendekeza.

Ukishaipata skana, kuna malalamiko mawili madogo yanayofuata. "Inaskani kwenye kioo tu, mlisho wa juu haugusi." Kwenye programu ya Document Scanner chagua mlisho badala ya ukurasa mmoja, kwenye terminali tumia `--source ADF --batch`, ukitazama kwanza `scanimage --help` mashine yako inauitaje mlisho huo. La pili: "Nabonyeza kitufe cha Scan kwenye printa, hakitokei kitu kwenye kompyuta." Mara nyingi hakitatokea. Kitufe hicho kwa kawaida kinatafuta programu ya kampuni inayosubiri upande wa Windows. Kwenye Linux, skani kutoka kwenye kompyuta, au weka flashi kwenye mashine kama ina tundu.

Mashine kubwa za ofisini, hasa zile zilizotumika ambazo steshenari nyingi hununua, zina njia nyingine: zinatuma skani moja kwa moja kwenye folda ya mtandao. Hapo hakuna SANE wala draiva. Lakini nyingi za zamani zinajua SMB (lugha ya kushirikiana folda) ya toleo la kwanza tu, na Samba, programu inayoizungumza SMB kwenye Linux, ililizima toleo hilo tangu 4.11 ya mwaka 2019 kwa sababu za usalama. Dalili ni kwamba mashine inasema imeshindwa kuungana huku nenosiri ni sahihi kabisa. Unaweza kulifungua tena toleo la zamani, mimi sikushauri. Mashine hizohizo karibu zote zinajua kutuma kwa FTP au kwa barua pepe, na kuweka seva ndogo ya FTP ndani ya ofisi ni kazi ya robo saa.

Jana ilikuwepo, leo haipo

Dada mmoja mwenye steshenari jirani na shule aliniita wiki ya mitihani. "Fundi, printa imekufa na walimu wamejaa hapa." Printa ilikuwa nzima. Umeme ulikuwa umekatika usiku, ruta ikawaka upya na kuigawia printa anwani nyingine, na foleni kwenye kompyuta ikaendelea kubisha hodi kwenye nyumba ya zamani. Alikuwa ameshatuma mtu kuulizia bei ya mashine mpya.

Angalia anwani ya sasa kwenye skrini ya printa au kwenye ukurasa wa taarifa unaochapwa kwa vitufe. Kisha angalia foleni inaelekea wapi kwa `lpstat -v`. Zikitofautiana, umepata. Dawa ya kudumu ni kwenda kwenye ruta na kuifungia printa anwani yake, kisha kutengeneza foleni inayotumia anwani hiyo (mimi nimeiita `Ofisini`, wewe weka jina na anwani yako):

`sudo lpadmin -p Ofisini -E -v ipp://192.168.1.50/ipp/print -m everywhere`

Neno `everywhere` hapo lina maana: foleni bila draiva, CUPS inaiuliza mashine yenyewe inaweza nini. Amri ikikataa, umejifunza jambo kubwa kuhusu printa hiyo.

Vyanzo vingine vya kupotea: printa iko kwenye Wi-Fi ya 2.4 GHz na kompyuta iko kwenye mtandao wa wageni ambao ruta imeutenga. Au ukuta-moto wa kompyuta unazuia UDP 5353, mlango wa matangazo ya vifaa. Au kompyuta imeungana na hotspot ya simu huku printa imebaki kwenye ruta. Hotspot ina ubaya wake wa pekee: simu ikizima na kuwasha, anwani hazina uhakika wa kurudi zilezile, hivyo foleni yenye anwani ya kudumu inavunjika kila asubuhi. Kwa anayeishi kwa hotspot, waya wa USB una heshima yake.

Foleni inasema imemaliza, karatasi hakuna

Andika `lpstat -t`. Ukiona foleni imezimwa, chanzo cha kawaida ni kwamba kazi ilitumwa wakati printa imezimwa, CUPS ikajaribu, ikakata tamaa na kuisimamisha foleni nzima. Printa ikiwashwa baadaye, foleni haijiamshi. Iamshe kwa `sudo cupsenable Ofisini`. Kwenye maeneo ya umeme wa kukatikatika, badilisha tabia hiyo moja kwa moja:

`sudo lpadmin -p Ofisini -o printer-error-policy=retry-job`

Na kwa kuwa tumefika kwenye umeme: usichomeke printa ya tona kwenye UPS ndogo ya kompyuta. Inapopasha joto roli la kukaushia tona inavuta mamia ya wati kwa mkupuo, na UPS itapiga kelele kisha itazima vyote, pamoja na kompyuta uliyotaka kuilinda.

Ukiona ujumbe wa kwamba kichujio kimeshindwa, maana yake programu inayotafsiri hati yako kwenda lugha ya printa imeanguka. Washa kumbukumbu za kina kwa `cupsctl --debug-logging`, tuma ukurasa mmoja, soma mwisho wa `/var/log/cups/error_log`, kisha zima kwa `cupsctl --no-debug-logging` usije ukajaza diski. Kwa draiva za zamani za Brother, mara nyingi chanzo ni kwamba kichujio ni cha biti 32 na mfumo wako ni wa biti 64 usio na maktaba zake. `sudo dpkg --add-architecture i386`, sasisha orodha ya vifurushi, sakinisha draiva upya.

Inatoa kurasa za maandishi ya ajabu

Tuma barua ya ukurasa mmoja, zinatoka kurasa arobaini za alama. Kabla ya kuzitupa, soma mstari wa kwanza. Ukianza na `%!PS`, umeipelekea PostScript mashine isiyoijua. Ukiona `@PJL`, umeipelekea maagizo ya familia ya PCL na yenyewe haiyatambui. Karatasi imekuandikia ugonjwa wake: lugha.

Hapa ndipo penye siri ya kuchagua printa. Kuna mashine zinazojua lugha ya watu wengi: PostScript, PCL, au zile picha za mistari za IPP Everywhere na AirPrint. Mashine kama hiyo inaweza kuzungumza na kompyuta ambayo haijawahi kusikia jina lake. Kuna nyingine hazina lugha yao wenyewe. Zinategemea kompyuta izipikie kila nukta kwa namna ambayo kampuni moja tu inaijua. Ni za bei rahisi kwa sababu akili imehamishiwa kwenye draiva. HP LaserJet 1020 ni mfano uliozoeleka mitaani: kila ikiwashwa inasubiri kompyuta iimwagie programu yake ya ndani, la sivyo inakaa kimya. Canon za zamani za CAPT ziko upande huo. Samsung nyingi zilizopo kwenye soko la mtumba zinatumia SPL, lugha yao wenyewe, na Samsung waliuza biashara yao ya printa kwa HP mwaka 2017, kwa hiyo draiva unayoikuta leo ni ya urithi.

Inafaa kukumbuka kwamba programu huria yenyewe ina printa kwenye asili yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwenye maabara ya MIT, Richard Stallman alitaka printa ya laser ya Xerox iwape watu taarifa karatasi inapokwama, akaomba msimbo wa programu yake, akanyimwa. Alitangaza mradi wa GNU, wa kujenga mfumo huria, mwaka 1983. Zaidi ya miaka 40 baadaye bado tunabishana na karatasi iliyokwama, lakini angalau sasa tuna wa kuuliza.

Kingo zimekatwa, au mashine inadai karatasi ya Letter

Mfumo umewekwa kwa karatasi ya Marekani. Trei ina A4, kompyuta inaomba Letter, mashine inasimama ikisubiri karatasi ambayo hakuna duka la jirani linaiuza. Andika `lpoptions -p Ofisini -o media=A4`, na uangalie pia LibreOffice, maana hati iliyotoka kwa mtu wa nje inaweza kubeba Letter ndani yake. Basi.

Ilikuwa sawa mpaka nilipoboresha mfumo

Kwa HP, toleo la plagini lazima lifanane na toleo la HPLIP. Ukiboresha mfumo, HPLIP inapanda, plagini inabaki nyuma, na skana inakufa huku kuchapa kukiendelea. Endesha `hp-plugin -i` ukiwa na intaneti. Ndiyo maana modeli isiyohitaji plagini ina thamani zaidi ya inavyoonekana dukani; HP wenyewe wanaandika kwenye orodha yao ya HPLIP ni modeli gani zinaihitaji.

Dalili nyingine ya uboreshaji: foleni ya zamani ya `usb://` inasubiri printa milele. Hiyo ni kwa sababu `ipp-usb` imeingia pamoja na toleo jipya na kuishika mashine. Futa foleni ya zamani, acha mfumo utengeneze mpya, mara nyingi itajitokeza yenyewe.

Kuna uboreshaji mkubwa zaidi unaokuja. CUPS ilianzishwa na Michael Sweet katika miaka ya 1990, Apple wakainunua mwaka 2007, na sasa inasukumwa mbele na mradi wa OpenPrinting. Toleo la 3 limepangwa kuachana na draiva za mtindo wa zamani, zile zenye faili za PPD. Mashine isiyojua kuchapa bila draiva itahitaji programu ya pembeni ya kuibeba. Hazitakufa siku hiyo, ila anayenunua leo kwa matumizi ya miaka saba anunue akilijua hilo.

Kabla ya kulipa

Nenda dukani na simu na flashi. Omba mashine iwashwe na iunganishwe na Wi-Fi au hotspot yako. Kwenye simu ya Android weka mapema programu ya Mopria Print Service na Mopria Scan. Usitumie programu ya kampuni, maana hiyo inajua siri za nyumbani. Mopria Scan ikiiona skana na kuskani ukurasa, mashine inazungumza eSCL, na `sane-airscan` itaiona. Iphone ikichapa bila kusakinisha chochote, hiyo ni AirPrint, na CUPS itachapa pia. Majaribio hayo mawili, kila moja kwa mpangaji wake, yanachukua dakika kumi.

Kama mashine ni ya USB tu, simu haikusaidii. Hapo tumia flashi yenye Ubuntu au Mint ya kuwasha moja kwa moja, kwenye kompyuta yako mwenyewe, na ujaribu kuchapa na kuskani palepale. Epson L3110 na Canon MF3010 ni za aina hii, za waya tu. Zote zinafanya kazi kwenye Linux, ya kwanza kwa draiva ya ESC/P-R iliyomo kwenye hazina ya Debian pamoja na Epson Scan 2, ya pili kwa draiva ya UFR II kutoka Canon. Lakini ni za kubebwa, si za kutembea zenyewe.

Soma pia herufi za mwisho za jina. Kwa Brother, Kyocera na wengineo, D ni kuchapa pande mbili, N ni tundu la waya wa mtandao, W ni Wi-Fi. Kwa steshenari ninapendekeza mashine ya tona nyeusi tupu ya daraja la Kyocera ECOSYS M2040dn, inayojua PCL na PostScript ya kwao, iliyochomekwa kwenye ruta kwa waya. Kurasa 40 kwa dakika, mlisho wa juu, pande mbili. Haina Wi-Fi, na mimi nahesabu hilo kuwa sifa. Kwa nyumbani kwenye watoto na picha za pasipoti, mashine ya matangi iliyofaulu majaribio mawili ya simu, na uichapishe ukurasa mmoja wa rangi kila Jumamosi hata kama huna cha kuchapa.

Muuzaji akikataa kuiwasha kabla hujalipa, duka la pili huwa halizidi hatua ishirini.